Mkate wa Mgonjwa

Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Huku kwetu Kitale haulizwi mkate. Binti yangu alipougua, akiwa na miaka minne, kila jirani aliyekuja kumjulia hali alishika mkate mkononi. Tumbo lilikuwa limevimba, mikono imebaki mifupa, na kuhara hakukuisha. Nikamnyima ugali, nikisema ni mzito kwa mgonjwa, nikawa namlisha ule mkate kwa chai.

Kliniki tulizimaliza. Huyu alisema minyoo, yule amiba, mwingine taifodi. Dawa zote alimeza. Muuguzi mmoja alinitazama juu hadi chini, akauliza kama nyumbani kuna chakula. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika.

Likizo ilipofika nikampeleka kwa mama mkwe wangu, Kabuchai. Kule mkate huonekana kwa nadra. Mtoto alikula ugali, kunde na maziwa. Nilipomfuata alinikimbilia njiani, mashavu yamejaa.

"Si unaona?" mama mkwe akasema. "Kwangu anashiba. Wacha akae hapa tu, bana."

Niliogopa, kusema kweli, kwamba mtoto wangu atachukuliwa kwa sababu nimeshindwa kumlisha. Nikamwomba nimpeleke kwanza kwa daktari wa watoto, Bungoma mjini.

Daktari huyo hakuuliza kama mtoto anakula. Aliuliza anakula nini. Nilipomaliza kueleza, akasema huenda ni ugonjwa wa siliaki: ngano ndiyo inayomharibia utumbo. Nusura nimkumbatie.

"Basi haonji ngano tena," nikasema.

"Ngoja kwanza, mama. Ameiacha siku nyingi, na kipimo cha damu kinaweza kutudanganya kuwa ni mzima. Itabidi aile tena kila siku kwa wiki kadhaa, halafu tupime."

Nilimpigia mama mkwe simu. Nilipomweleza, akauliza: "Ati daktari amekwambia umrudishie ugonjwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe utafanya?"

Nilifanya. Asubuhi nilikata vipande, nikapaka siagi ili ashawishike. Siku za kwanza alikula akicheka. Kisha mashavu yakaanza kupungua, tumbo likajaa tena, na majirani wakaanza kunong'ona upya.

Asubuhi moja alikisukuma kipande kwa kidole.

"Mama, huu mkate unaniuma."

"Najua," nikasema, nikakirudisha mbele yake.