Kitabu Ambacho Papa Bauma Hakukionja

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, wewe ukiwa bado haujafikiriwa, nilipopanda kilima chetu cha Masisi na kitabu nimekifunga ndani ya kitenge, kama muntu aliyebeba nyoka.

Kilikuwa cha Papa Bauma, mwalimu mzee aliyestaafu, jirani yetu. Romani, yaani riwaya, ya zamani ya Kifaransa, nene kama tofali. Walimu wote walikitaja, lakini sikuwahi kumuona hata mmoja aliyekimaliza. Mimi niliacha masomo mapema, ila niliota kwamba siku moja nitakimaliza. Basi Papa Bauma akanipa bure, bila hata kukifungua.

Hapo njo shaka ilianza. Kwetu, anayekupa kasiksi anakunywa yeye kwanza mbele yako. Pombe ya ndizi isiyoonjwa na mwenyeji haipiti kooni. Sasa huyu mzee ananipa kitabu bila kukionja?

Mama yangu akaongeza chumvi. "Yule kijana aliyekiazima kabla yako iko wapi? Alienda bila kuaga. Lisemwalo lipo, binti yangu."

Nikakificha chini ya mufuko wa maharagwe. Papa Bauma akawa ananiuliza kila tukikutana.

"Umefika wapi, binti?"

"Niko mbele, Papa."

"Mbele wapi?"

"Mbele tu."

Anacheka kidogo, anaenda zake. Nami nazidi kumushuku. Mzee gani anafuata hivi kurasa za muntu mwingine? Wiki tatu zikapita.

Kisha nikasikia binti yake anakuja mwisho wa mwezi kumuhamishia kwake, Hombo. Nikakimbia kurudisha kitabu. "Papa, kabla sijakiacha, onja. Soma hapa nikuone."

Hakukasirika. Alikifungua, akasoma ukurasa wa kwanza wote kwa sauti ya darasani, bila kukwama popote. Lakini kitabu, mwanangu, alikishika kichwa chini miguu juu.

"Papa, hauone?"

"Tangu mwaka jana. Njia zangu nazijua kwa miguu, na ukurasa huu naujua kwa kichwa. Nilifika katikati, macho yakazimika. Nikaona haya kusema. Nilitaka tu kijana mumoja asome, aje kuniambia mwisho wake. Yule wa kwanza alienda kutafuta kazi mu Goma. Nikabaki na wewe, na wewe uko mbele tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaketi, nikaanza pale alipokunja ukurasa. Kifaransa kilikuwa kigumu kama udongo wa kiangazi. Neno moja nilimuuliza mara tatu. Kila siku nikitoka shamba tulisoma. Naye alikuwa na shaka kunishinda: kila muntu mpya akiingia katika hadithi, Papa Bauma ananong'ona, "Huyu usimuamini."

Gari la kumchukua lilipofika, kurasa arobaini zilikuwa zimebaki. Zile wiki tatu zingetosha, na zaidi.

Akaniachia kitabu, nikamsomea zilizobaki kwa simu, rezo ya mtandao ikikatakata, sentensi zikifika nusu. Sikuuona uso wake mwisho ulipofika. Kisha akasema, "Rudilia ule mustari wa mwisho. Siuamini."

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Huku kwetu anayeamini kila kitu hafiki mbali. Lakini shaka usiilee kimya-kimya. Ipeleke kwa mwenyewe mapema, umuulize uso kwa uso, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na muda wa wazee haungoji. Kitabu kinene nacho kisikutishe. Soma mustari mumoja, uliza, soma mwingine, kama tunavyolima kilima bila kukitazama juu.

Mungu akupe nguvu ya kufika ukurasa wa mwisho wa kila unachokianza, na akupe muntu wa kuketi karibu yako unapousoma.