Pipa la Nyasi Mbichi

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata diploma, tena ya haidrolojia. Nilijisomesha mwenyewe kwa kubeba zege Dar es Salaam, ukiacha ng'ombe mmoja aliyeuzwa na mjomba. Niliporudi Simiyu kuifanyia ofisi ya maji utafiti wa mvukizo, yaani maji ambayo ardhi na majani huyaachia hewani, nilihakikisha kila aliyenisalimia pale Bariadi anajua nimerudi nikiwa nani.

Kifaa nilikibuni mwenyewe, na bado ninajivunia. Nyumbani kwa mama, Nkoma, nilijaza nusu pipa udongo mweusi wa mbugani pamoja na nyasi zake. Niliuchimba kwenye ngitili ya mjomba, malisho anayoyafunga kwa ajili ya kiangazi. Kila asubuhi nililining'iniza pipa kwenye mizani ya kupimia pamba. Uzito uliopungua tangu jana ndio maji yaliyokwenda hewani.

Ulipungua kidogo sana kwa jua lile, na nyasi zilibaki mbichi. Mtu makini angejiuliza. Mimi nilipiga picha.

Mjomba alikuja asubuhi moja, fimbo begani.

"Mwangaluka, mtaalamu."

"Mwangaluka, mjomba."

"Wenzangu wanapeleka ng'ombe Bukundi, kwenye malisho. Niende nao wakiwa bado na nguvu, au ngitili itanifikisha kwenye mvua?"

"Hao wanafuata mkumbo tu. Ardhi yako bado ina maji. Namba hazidanganyi."

"Namba zako hazina pembe," alisema akicheka. "Zangu zina pembe."

Lakini hakwenda.

Wiki chache baadaye ngitili ilikuwa imebaki vijiti vya kufagilia. Mjomba aliondoka kwa haraka na ng'ombe waliokwisha kulegea. Jioni ileile nilimkuta mama ameinama juu ya pipa, kata mkononi.

"Mayu, unafanya nini?"

"Namwagilia nyasi zako. Kata mbili kila jioni, tangu ulipoziweka. Wakubwa wako waje kutoka Bariadi wakute mmea wa mwanangu umekauka? Aibu gani hiyo!"

Nilikuwa nimelieleza pipa lile kwa kila mtu aliyenisogelea na soda mkononi. Mama sikumweleza, kwa kuwa niliamini hataelewa. Hata jioni ile sikumweleza. Nilimwomba tu aache. Kisha niliingia ndani nikazifuta namba zote kwenye daftari la utafiti, ili wakubwa wasije wakazitegemea.

Mjomba alirudi na ngozi moja nyuma ya baiskeli. Ilikuwa ya mtoto wa yule ng'ombe aliyeuzwa nikasoma. Alianguka njiani, Bukundi ikiwa karibu, hakuinuka tena.

"Jua la mwaka huu limetushinda wote," alisema.

"Limetushinda, mjomba," nikajibu.

Ofisini nilisahihisha namba siku ileile niliyomkuta mama na kata. Mjomba nilimwacha na jua lake mwaka mzima.

Mwaka huu nyasi zilipoanza kupauka, alikuja tena na fimbo yake. "Pipa linasemaje?"

Nilimwambia ahame kesho. Halafu, kwa kuwa hakuondoka, nikamwambia na lile jingine: kwamba mwaka jana pipa lilikuwa likitiwa maji, kwamba nyasi zake zilikuwa mbichi katikati ya ukame na mimi nilifurahi badala ya kuuliza.

"Aliyelitia maji ni mimi," mama alisema kutoka mlango wa jikoni. Ndiyo kwanza alikuwa anaelewa, na nilimwona anaelewa.

Mjomba aliligusa pipa kwa ncha ya fimbo.

"Hata mimi niliziona zile nyasi," alisema. "Nikasema, kumbe huku ndiko kusoma."

Kesho yake alihamisha ng'ombe mapema, wote wakitembea vizuri. Mimi ninaendelea kupima. Namba sasa ni sahihi na wakubwa wanazisifu. Ila mama, akitoka kisimani na ndoo kichwani, hazunguki tena upande wa pipa. Hupita mbali, nyuma ya zizi, asije akadondosha tone.