Giboni wa Mdogo Wangu

Jumapili ile Baba alipompa mdogo wangu firigisi, nilitamani kumwaga mchuzi wote sakafuni.

Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Tangu utotoni, kwenye zile nyumba za reli Makadara, hatukuthubutu hata kuikodolea macho. Mama alipofariki nikawa mimi wa kutoka Tassia kila Jumapili na kuku mkononi, nimpikie mzee, nimfulie, nisikilize tena habari zake za gari moshi. Firigisi nilimwekea yeye. Sasa huyu kitinda mimba anaingia na begi lake la chuo kikuu, hajaosha hata kikombe, na Baba ati, "Kula, daktari wangu." Haki ya Mungu! Na mimi hapo nang'ang'ana na shingo.

Udaktari wenyewe ni wa giboni. Anasomea jinsi wanasayansi wanavyowapanga. Alimwonyesha Baba picha kwenye simu, akamweleza kwamba hawa si tumbili, hawana mkia. Ni jamii ya sokwe, wale wadogo, wa misitu ya Asia. Zamani walitiwa karibu wote katika kundi moja, yaani jenasi moja, siku hizi wamegawanywa katika nne. Baba, ambaye habari zangu huzisikiliza macho yakiwa kwenye televisheni, aliizima televisheni. Akauliza: huyu mweusi, mkubwa, mwenye mfuko kooni, mbona ametengwa peke yake?

"Nitakuambia siku nyingine, Baba, nimechelewa," mdogo wangu akasema, akaenda zake.

Nikajiambia, jibu hilo nitalileta mimi. Wiki nzima, dukani ninakouza nguo kukiwa kimya, nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Huyo mwenye mfuko ni siamang. Kromosomu zake ni hamsini. Makundi yale mengine matatu yana thelathini na nane, arobaini na nne, na hamsini na mbili. Hiyo ni sababu moja kubwa ya kila kundi kupewa jenasi yake. Nilikariri nikipanga nguo, nikakariri nikipika. Kwani chuo kikuu ni nini? Hata mimi nina kichwa.

Jumapili iliyofuata nilimweleza Baba hata kabla ya kumkatakata kuku. Akanitazama usoni. "Ehe? Endelea." Jameni, nilisikia raha! Sikumbuki mara ya mwisho aliyoniambia niendelee.

Nilipomaliza akachukua simu.

"Hebu tumuulize daktari kama ni hivyo."

Akaweka spika. Akayarudia maneno yangu yote, na hesabu zake, bila kukosea hata moja. Mdogo wangu akasikika akisema, "Ni kweli, Baba. Ni hivyo hivyo."

Baba akakata simu, uso umemjaa furaha, akanigeukia.

"Umeona? Huyu mtoto ukimuuliza kitu, hakosi jibu."