Anawafundisha makomando, mwenyewe kifua kitupu

Saa moja asubuhi, juu ya mnara wa mbao wenye kimo cha jengo la ghorofa tatu, sajenti wa kike anapiga goti, anaikagua kamba kwa vidole, kisha anamgeukia kijana anayetetemeka ukingoni.

"Unaogopa?"

"Hapana, afande!"

"Muongo. Asiyeogopa simtaki hapa, ataniulia wenzake. Ogopa, halafu shuka."

Kijana anashuka. Chini wenzake wanampigia makofi. Akimaliza kozi atavishwa kifuani beji ya komando. Mwalimu wake hana.

Si kwamba alifeli. Alihitimu kozi hiyohiyo miaka kumi na moja iliyopita, na tangu hapo ndiye anayefundisha kamba. Vijana humwita Mama Kamba, akiwa hasikii. Kwa kuwa bado yuko kazini, ameomba jina lake lisitajwe.

Aliingia jeshini kwa mujibu wa sheria, kama vijana wengine waliotoka shule, akapangiwa jikoni.

"Nilikuwa namenya viazi huku nawatazama makomando wakikimbia na magogo. Nikasema, kumbe ni hilo tu? Sufuria la kambi ni zito kuliko gogo lile."

Wasichana wawili, yeye na mwenzake, wakaomba kujiunga na kozi ya ukomando. Mwenzake alivunjika mfupa wa bega, akarudishwa. Yeye alimaliza matembezi ya mwisho kifundo cha mguu kimevimba, hata buti likabidi lichanwe kwa kisu. Siku ya kuhitimu, wenzake walivishwa beji mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika, ofisa alimpa mkono tu.

"Beji itafuata," akamwambia.

Haijafuata mpaka leo.

Kwa utaratibu wa jeshi, beji ni ya aliyepangiwa kikosi cha mapigano, na kikosi hicho hakipokei wanawake. Bila beji hakuna kupanda: si ukuu wa timu, si kozi ya uofisa. Kijana aliyefundishwa na yeye fundo lake la kwanza sasa ni luteni, na ndiye bosi wake.

"Ukidai beji, wanakwambia ingia kikosini. Ukiomba kikosi, wanakuuliza beji iko wapi. Wananizungusha kama pia!" anasema, akiigonga meza ya bwalo mpaka vikombe vinaruka. "Na dereva wa mkubwa anaivaa, eti kwa makaratasi ni mtu wa kikosi! Mnara ule alipanda mara moja, tukamshusha kwa machela, analia."

Luteni hakwepi swali. "Naona aibu kumpa amri," anasema. "Nikipishana naye, natamani mimi ndiye nimpigie saluti."

Kamanda wa kambi haoni tatizo. "Beji si pambo. Yule ni mwalimu hodari. Aridhike."

Aridhike! Neno hilo, ambalo kamanda amekuwa akimwambia kila anapodai, ndilo lililomwasha. Katika mahafali yaliyopita aliamriwa abebe sinia la beji, kamanda akiwavisha wahitimu. Wazazi wamejaa, bendi inapiga. Alipofika mbele ya mhitimu wa kwanza, akaliweka sinia chini kwenye nyasi, akapiga saluti, akarudi mstarini. Bendi ikapoteza mdundo. Kamanda akainama kuokota mwenyewe.

Alizuiliwa kambini wiki nzima. "Nililala usingizi wa mtoto mchanga," anasema, lakini hacheki.

"Watu wanadhani nalilia kipande cha chuma. Kozi ijayo ina wasichana wawili. Watatoka damu kama nilivyotoka, halafu nao waambiwe itafuata? Mimi nitakuwa nimesimama pembeni, nimeridhika?"

Kozi hiyo inaanza Jumatatu. Akiwa na miaka thelathini na minne, ameomba kuingia upya pamoja nao, kama mwanafunzi. Kamanda alidhani ni mzaha. "Mwacheni ajichokee," akasema, akakubali.

Mama yake mzazi alipopata habari alimpigia simu, akamgombeza. "Mwanangu, unatafuta kifo? Hayo uliyapita ukiwa msichana."

"Mama, kumnyima mtu mmoja ni rahisi. Safari hii watatunyima watatu, mbele ya wazazi, mbele ya wageni. Nataka niwaone watatutazama kwa macho gani."

Mama akauliza atahitaji jozi ngapi za soksi.