Deck ya Kioko niliyoifungua akiwa hospitalini

Wakuu, salamu kutoka Makueni.

Nimekuwa nikisoma hapa kimya kwa muda mrefu. Juzi niliona uzi wa vijana wakiulizana deck gani wapeleke tournament, nikasoma comments zote mpaka mwisho. Nikaona na mimi niandike yangu. Sitapunguza mahali ambapo ninaonekana vibaya, maana sehemu hizo ndizo nyingi.

Nianze na kosa lenyewe.

Jumapili moja baada ya kanisa, miaka ya tisini, pale Kikima, wenzangu waliniambia nifungue sanduku la rafiki yangu nitoe kadi zake. Yeye alikuwa amelazwa hospitali. Ufunguo wa duka alikoliweka nilikuwa nao mimi. Ningesema hapana, na hakuna mtu angenilazimisha.

Nilisema sawa.

Sasa nieleze tulifikaje hapo.

Kulikuwa na mwalimu wa kujitolea, mzungu, aliyefundisha sayansi miaka miwili katika shule moja karibu na soko. Jioni alikuwa anacheza kadi za kwao. Si karata za kopa na shupaza. Hizi kila kadi ina picha ya mnyama, askari ama jitu, na nguvu zake zimeandikwa chini. Kila mchezaji anakuja na pakiti yake ya kadi sitini alizochagua mwenyewe. Hiyo ndiyo deck. Mnapambana wawili, na mkimaliza mnaweza kubadilishana, nikupe hii unipe ile.

Alipomaliza muda wake alituachia carton nzima.

Tulikuwa wanaume saba. Mimi nilikuwa na Form Four yangu na kazi ya karani kwenye kiwanda cha kahawa cha ushirika. Ngui alikuwa na bucha. Kioko alikuwa fundi cherehani, na duka lake ndilo lilikuwa uwanja wetu kila Jumamosi mchana.

Kioko na mimi tulikaa dawati moja tangu Standard One. Kumbukeni hilo.

(Kanisani walikuwa wanasema hizo kadi ni za shetani. Siku moja mzee wa kanisa aliingia bila kubisha. Kioko akatupa kitambaa cha kwaya juu ya meza, akashika futi, akaanza kumpima mzee kiuno. Mzee alitoka hapo ameagiza suruali ambayo hakuwa amepanga.)

Kadi zetu sisi wengine zilikuwa chafu. Unakula muthokoi, unashika kadi. Unatoka kupima kahawa, unashika kadi. Za Ngui zilinuka mafuta ya mbuzi, huo ndio ukweli.

Kioko alikuwa ananawa mikono kwanza. Halafu alichukua nailoni za mkate, akazikata, akazikunja, akazishona pembeni kwa cherehani na uzi mwekundu. Kila kadi ilikuwa na mfuko wake. Kadi sitini, mifuko sitini. Sisi tulimcheka. Miaka mingi baadaye ndipo nilijua kwamba kumbe dunia nzima watu wananunua hizo sleeves dukani.

Na namna yake ya kuchagua deck ilikuwa tofauti. Sisi tulitafuta majitu. Yeye alikuwa anatoa jitu lake anachukua vikadi vidogo ambavyo hakuna mtu alivitaka. Ngui alimwambia amebadilisha ng'ombe na kuku.

Kioko akajibu bila kuinua kichwa, "Kuku wangu atataga kabla ng'ombe yako haijazaa."

Na alikuwa anatupiga. Wiki baada ya wiki. Alikuwa anasema deck ni kama suti, unaikata kwa mwili wa mtu mmoja. Hiyo yake ilimchukua karibu miaka mitatu.

Basi ikaja barua kutoka Kitui. Huko nako kulikuwa na kundi kama letu, na walikuwa wanaandaa tournament. Kila kundi lilete mtu mmoja na deck moja. Mshindi angerudi na carton mbili mpya ambazo hazijafunguliwa. Zetu zilikuwa zimechanika, na tulijua bila kadi mpya mchezo wetu unakwisha.

Hakuna aliyeuliza nani ataenda. Ni Kioko.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Kioko alipanda kurekebisha mabati ya nyumba yake, akateleza, akavunjika mguu vibaya. Tulimpakia kwenye pick-up, mguu umefungwa na mbao, apelekwe Machakos. Kabla haijaondoka aliniita akanipa ufunguo wa duka.

"Mutua, angalia cherehani na lile sanduku. Vingine wakiiba, waibe."

Hayo ndiyo maneno yake.

Jumapili hiyo tukakutana nyuma ya bucha. Ngui ndiye aliongea. Alisema hii ni mwethya, lile kundi letu la kulimiana mashamba kwa zamu. Kwa mwethya kila mtu analeta jembe, na jembe la mgonjwa linaletwa na jirani yake. Kila Mkamba anajua hivyo. Nikaona ana hoja.

Lakini sikilizeni hapa, maana hapa ndipo huwa ninajidanganya nikisimulia. Ngui alitaka nichukue deck ya Kioko nzima, vile ilivyo, niende nayo Kitui badala yake. Kuivunja lilikuwa wazo langu. Mimi ndiye nilisema tuchague kadi kali kutoka kwa kila mtu, tutengeneze deck moja ya Kikima. Sikutaka kwenda Kitui kuonyesha akili ya Kioko. Nilitaka kuonyesha yangu.

Nilifungua sanduku. Nilichukua wembe nikapasua mifuko ya nailoni, nikatoa kadi ishirini na mbili, zile kubwa. Vile vidogo nikaviacha sandukuni.

Sasa, kwenda Kitui tulikuwa tunafika Machakos kwanza, unabadilisha gari. Gari la Kitui lilikaa stage karibu saa nzima likingoja abiria. Hospitali unaifikia kwa miguu. Nilijua wodi, nilijua hata kitanda. Nilikaa hotelini nikanywa chai na mandazi mawili, deck iko mfukoni.

Sijui kama mnaelewa nilivyokaa hapo. Nilikuwa najiambia amelala, nisimsumbue.

Kitui mwamuzi alikuwa mwalimu wa kike, mtu mtaratibu. Kabla ya kucheza alikuwa anakagua kila deck. Alichukua yangu, akaitandaza mezani ikiwa imefunikwa, migongo juu. Halafu akaanza kuvuta kadi kwa kidole, moja moja, pembeni. Alipomaliza akazifunua.

Zote ishirini na mbili zilikuwa za Kioko.

"Bwana, mimi sijawahi kukuona ukicheza, na nimezijua kadi zako kali kwa mgongo tu," aliniambia. "Hizi ni safi, zingine ni chafu. Hiyo ni alama. Kama mimi naziona, na wewe unaziona kabla hujazivuta."

Nikamwambia sikukusudia. Alisema anaamini, lakini nina nusu saa kuzifanya zifanane ama nirudi nyumbani.

Ningerudisha deck ya Kioko ilivyokuwa, lakini vile vikadi vidogo nilikuwa nimeviacha Kikima. Nailoni za kushonea zingine sikuwa nazo. Kusafisha kadi iliyokolea mafuta haiwezekani.

Kwa hivyo nilienda nyuma ya ukumbi, nikachuchumaa, nikachukua mchanga mwekundu wa Kitui. Nilizisugua kadi za Kioko moja baada ya nyingine mpaka zikafanana na zetu. Nilikunja na pembe. Nilifanya kazi nzuri sana, mwamuzi akapitisha.

Mchezo wenyewe hauna hadithi. Nilitolewa raundi ya kwanza. Nilikaa pale nimeshika majitu matano mkononi, na hakuna hata moja ningeweza kuliita, maana majitu yanataka vikadi vidogo vya kuyafungulia njia. Yule niliyecheza naye alinimaliza kabla chai yake haijapoa. Kisha akaniuliza kwa heshima kama nilikuwa naanza kujifunza.

Kioko alirudi baada ya mwezi, na magongo. Mimi nilikuwa nimejaribu kupangusa zile kadi na kitambaa chenye maji, zikavimba. Nikazirudisha sandukuni hivyo hivyo. Siku aliyofika nilimfungulia duka, ufunguo bado ninao mimi.

Akakaa kwenye cherehani. Alifungua sanduku mbele yangu, akachukua kadi moja, akapitisha kidole gumba mgongoni mwake. Akachukua ya pili. Hakupaza sauti.

"Mutua, ulipita Machakos?"

Nikasema nilipita.

"Gari lilingoja?"

"Kama saa moja hivi."

Akatingisha kichwa polepole, kama mtu anayepewa vipimo vya suruali.

"Ungeniuliza, ningekupa zote. Na ningekuonyesha vile zinachezwa."

Halafu akanyoosha mkono nimpe ufunguo.

Jumamosi iliyofuata duka lilikuwa limefungwa. Hatukucheza tena. Mwaka uliofuata alihamia Salama, akafungua duka kando ya barabara kuu. Nilienda mara mbili. Alinipima vizuri, akanishonea vizuri, akaniita Bwana Mutua kama anavyoita mteja yeyote. Mara ya tatu sikwenda.

Alizikwa miaka michache iliyopita. Mwendesha ibada aliuliza kama kuna rafiki wa utotoni wa marehemu aseme neno. Nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na tangi la maji. Ngui alinigusa mkono. Sikutoka mbele. Akasimama jirani wa Salama, akaeleza vile Kioko alikuwa fundi safi.

Kwa vijana wa ule uzi: msijaze majitu, na mnawe mikono. Usichanganye kadi za watu saba ukaiita deck. Na kadi ikiwa ya mtu, hata kama umepewa ufunguo, hata kama kundi lote limekubali, nenda umuulize. Ufunguo nilipewa nilinde, sikupewa nifungue.

Mwenye swali aulize, mwenye lawama aseme, nitasoma yote. Macho yangu si mazuri sana kwa hivyo nitajibu polepole.

Tournament nilipoteza kwa dakika chache na nilishaisahau. Kilichonigharimu ni Kioko. Aliishi miaka zaidi ya ishirini baada ya hapo, nauli ya gari moja kutoka kwangu, na katika miaka hiyo yote sikupata rafiki mwingine.