Albamu za Ijumaa

Muziki wa kantri siupendi. Nalisema mapema ili msomaji asinidhanie mjuzi. Mimi ni mtu wa Kuze hapa Mombasa, nimelelewa na taarabu na kasida, na duka langu la kanda, ambalo siku hizi ni duka la kutia nyimbo kwenye flashi, limeishi kwa hizo mbili. Lakini tangu mwaka jana nimesikiliza kantri kuliko Mkristo yeyote wa kisiwa hiki, na albamu mpya nazijua zinavyotofautiana kama ninavyojua harufu ya kila jiko la mtaani kwetu.

Chanzo ni rafiki yangu. Alikuja Mombasa kutoka bara akiwa kijana, akafanya ukarani kwenye reli mpaka akastaafu. Siku moja zamani aliingia dukani kutafuta kanda ya kantri, nikamwambia sina muziki wa wachunga ng'ombe. Akanijibu kwamba taarabu nayo ni mwanamke anayegombana na jirani yake, ila amekodi wapiga fidla. Tangu siku hiyo hatukuachana. Kila Ijumaa, nikishasali na kula, tulikaa dukani mlango ukiwa nusu wazi, tukasikiliza albamu moja mpya mwanzo hadi mwisho. Yeye ndiye aliyenifafanulia: huyu ni wa milimani, yule wa vilabu vya pombe, huyu amekulia kanisani, msikilize anavyovuta pumzi. Mwenyewe alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya yao. Hata wimbo ambao hajapata kuusikia, kiitikio kikirudi mara ya pili alikuwa keshaushika, anaingia chini yake kwa sauti nzito.

Adhana ikianza, tulizima. Kwetu ndivyo, na mamangu alikuwa akinifinya sikio nikichelewa. Rafiki yangu hakufundishwa na mtu. Aliona mara moja tu, na kuanzia Ijumaa iliyofuata mkono wake ndio uliotangulia wangu mara nyingi. Alizima, akainamisha kichwa, akanyamaza mpaka muadhini amalize. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote.

Mwaka jana alipata kiharusi. Miguu ilirudi, mkono ukarudi, maneno hayakurudi. Mtaalamu aliyekuwa akimfundisha kusema alimweleza mkewe kwamba wapo watu waliopotewa na maneno lakini nyimbo zikawabakia, na kwamba akianza kuimba, hata kwa kuguna tu, basi pana pa kuanzia. Watoto wao, ambao wote wako bara, walikubali kungoja hadi Pasaka. Asipotoa sauti, masomo yakome na wazee wahamie shambani, mbali na mtaalamu yeyote. Mkewe hakutaka. Rafiki yangu naye, kila shamba lilipotajwa, alikuwa akiushika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

Tulianza na nyimbo zake za zamani. Alilia mpaka pumzi zikamkatika, na mkewe akaniomba kwa upole nisizilete tena. Basi nikarudi kwenye desturi yetu ya albamu mpya kila Ijumaa, ila sasa ikawa nyumbani kwao karibu na Buxton, ghorofa ya tatu, mimi na flashi yangu na spika ndogo mezani.

Kuchagua sikujua. Ya kwanza ilikuwa ya kijana anayeimba nusu na kusema nusu, ngoma zote za kompyuta. Nikamuuliza rafiki yangu, "Huyu yuwaimba ama yuwagombana na kondakta?" Zamani angenirudishia jibu la kuniumiza mbavu. Alinitazama tu, nami nikajiona mpumbavu. Wiki iliyofuata nikaleta ya mwanamke mwenye banjo na fidla, mbio mbio, watu wanapiga makofi nyuma yake. Hakuna kitu. Nikaleta ya wale waliorudi kwenye mtindo wa wazee wao, wenye gitaa la kulazwa ambalo mpigaji hutelezesha chuma juu ya nyuzi mpaka likalia kama mtu, na kila wimbo ni talaka. Nikaleta nyingine ya magitaa ya kunguruma, jirani akagonga ukuta. Nikaleta moja iliyojaa fidla nyingi na pole pole, ambayo ungeichanganya na taarabu ya harusini, na hiyo, nisiseme uongo, niliirudia nyumbani peke yangu.

Nilikuja kuona kwamba kwa miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa na haki. Muziki ule si mmoja. Nilimkiria hivyo waziwazi, jambo ambalo zamani angelitangaza soko zima, na uso wake haukubadilika. Dada yangu, nilipomsimulia, alisema la kuvunda halina ubani. Nilimnunia siku mbili kwa kuwa nilijua amesema kweli. Lakini mfa maji haishi kutapatapa, na Ijumaa ikifika nilikuwa nimeshatia albamu nyingine kwenye flashi.

Wiki mbili kabla ya Pasaka nilileta ambayo sikuitarajia kuzaa kitu. Mtu mmoja na gitaa moja, amejirekodi chumbani mwake, kiti unakisikia kikilia na mvua unaisikia nje. Hana madoido. Nilidhani tutalala sote wawili. Mkewe alikuwa jikoni akipika chai.

Wimbo wa nne ulikuwa na kiitikio kifupi. Kilipita mara ya kwanza. Kiliporudi, nikasikia sauti nyingine chini yake, nikadhani yule mtu ameleta mwenzake. Kisha nikaona koo la rafiki yangu likitetemeka. Alikuwa ameingia. Maneno hayakuwapo, lakini sauti ya pili ilikuwa ile ile, nzito, mahali pake hasa, na macho ameyafumba. Niliogopa hata kumwita mkewe.

Hapo muadhini akaanza kuadhini alasiri, na mimi nikazima.

Sikuamua kuzima. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda tangu niko mtoto. Mazoea yana taabu. Rafiki yangu akafumbua macho, akauona mkono wangu juu ya spika, akafunga mdomo. Kisha akainamisha kichwa kwa adabu, vile vile kama dukani, akangoja. Nami nilingoja naye, kwa sababu kilichokwisha kukatika kilikuwa kimekatika, na nikaomba katika ile adhana kama sijawahi kuomba.

Ilipokwisha nikafungua tena wimbo ule ule. Kiitikio kikapita, kikarudi, kikapita. Alikisikiliza kwa utulivu kama mgeni. Nikaurudisha mwanzo, mara kumi na zaidi, mpaka mkewe akatoka jikoni na birika mkononi.

"Shemeji, kuna nini?"

"Ameimba," nikamwambia. "Wallahi, ameimba sauti ya pili."

Alimtazama mumewe. "Mimi nimesikia redio tu, shemeji," akasema, na akanimiminia chai.

Nilimweleza kwamba adhana ilitukatiza. Kwamba mkono uliozima ulikuwa wangu, sikumwambia. Alimpigia mtaalamu simu kwa ajili yangu, naye akaja, akasikiliza saa nzima na spika ikiimba, akaandika kwamba hakuna sauti. Ijumaa iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Watoto wakaja na gari. Rafiki yangu alinishika mkono pale chini ya ngazi, ule ule wa kulia uliozima, na mimi nikashindwa kumtazama. Nilimpa flashi yenye albamu zote.

Sasa Ijumaa nafunga duka mapema na kwenda nyumbani. Mwezi uliopita mkewe alinipigia simu. Akaniambia mumewe anakula vizuri, anatembea hadi zizini na kurudi, ila sauti hana, na wameshakata tamaa ya mambo hayo. Watoto wamemnunulia redio kubwa ya kuchomeka flashi. Kisha akasema kuna jambo linamtatiza.

"Tukifungua muziki tu, shemeji, ananyoosha mkono anazima. Halafu anainamisha kichwa, anangoja. Hakuwa akifanya hivyo nyumbani huko Mombasa. Wewe ulikaa naye sana. Unajua ni kwa nini?"

Kule kwao, kwa nijuavyo, hakuna msikiti hata mmoja wa karibu. Nikamwambia sijui.