Mwinshehe, Pikipiki na Ruhusa za Msiba

Ukitaka kumjua Mwinshehe wa Tandika, usianze na kazi yake wala watoto wake. Anza na pikipiki. Ilikuwa BSA ya zamani, ya marehemu baba yake, aliyekuwa bwana shamba kule Kisarawe enzi ambazo bwana shamba akipita na pikipiki watoto walimfukuzia mpaka mwisho wa kijiji. Mzee alipofariki, pikipiki ikaachwa nyuma ya jiko, kuku wakatagia juu ya kiti chake na kutu ikala kilichobaki. Ndugu waligawana nyumba na minazi. Mwinshehe akaomba chuma hicho, nao wakampa huku wakicheka.

Akaileta mjini juu ya lori la mkaa, akaiweka uani kwake, akaifunika turubai. Tangu siku hiyo akili yake haikutulia. Alitaka kuiona inawaka tena, basi. Hakuwa na sababu nyingine, na wala hatukumdai.

Shida ilikuwa nafasi. Hii ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mambo yamefunguliwa, na mtu aliyeishi kwa mshahara peke yake alionekana mjinga. Kila nyumba ilikuwa na mradi wake. Mchana Mwinshehe alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kamba, Barabara ya Pugu. Jioni kuku wa kisasa walimngoja bandani wakidai maji na pumba. Farida, mkewe, alikuwa na meza ya samaki wa kukaanga sokoni, na akirudi alitaka kuteremshiwa hiki na kubebewa kile. Ijumaa msikitini. Jumapili harusi, kama si harusi, maulidi, kama si maulidi, kikao cha harusi ijayo. Akishika spana, mtoto analia. Akifungua kabureta, jirani anapiga hodi na haondoki. Mwaka ukaisha, pikipiki haijasogea hata kidogo.

Sasa, kiwandani kulikuwa na ombi moja ambalo hakuna msimamizi aliyethubutu kulikataa, nalo ni la msiba. Ukisema mtoto anaumwa, utaulizwa cheti. Ukisema umechoka, utachekwa. Lakini ukisema umefiwa, mkubwa anasimama, anakupa mkono wa pole, anakuambia nenda ndugu yangu, tutaonana ukimaliza. Mwinshehe aliligundua hilo mjomba wake wa Maneromango alipofariki kwelikweli. Alizika, akarudi mjini akiwa na siku moja mkononi, akaimalizia yote uani na pikipiki yake. Utamu wa siku ile ndio uliomponza.

Baada ya hapo ndugu zake wakaanza kufa. Alikufa shangazi wa Rufiji ambaye hakuwahi kuzaliwa. Akafa binamu wa Mafia, huyo alizama. Akafa baba mdogo, naye maskini alikuwapo, mzima wa afya, anaokota korosho zake bila kujua kwamba mjini ameshazikwa. Shangazi alimpatia muda wa kurekebisha magurudumu, binamu tangi, baba mdogo madigadi. Nyumbani alisema amepewa mapumziko ya zamu. Aliona haya, tusimsingizie. Kila alipopewa mkono wa pole alitazama chini, na watu wakaona hiyo ndiyo huzuni yenyewe, wakazidi kumhurumia.

Masika ya mwaka huo Farida alimleta mama yake aje kukaa nao. Bi Mwajabu alikuwa ameuza samaki Kunduchi tangu ujana wake, mpaka magoti yakagoma. Alikuwa mtu wa adabu za zamani: hakula mbele ya mkwewe, hakukaa kiti alichokikalia. Lakini ndani ya nyumba ile yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoicheka pikipiki. Akimwona Mwinshehe anahangaika nayo, alimwekea maji ya kunawa na kipande cha sabuni kando, akaondoka.

"Mwache mwenzio," alimwambia Farida. "Wenzako wanawatafuta waume zao vilabuni. Wewe wako yuko uani, unamwona."

Mwinshehe alilisikia hilo, akafurahi kama mtoto.

Ikabaki injini. Kuifungua injini na kuirudisha si kazi ya kuibia ibia baada ya kulisha kuku. Na wakati huohuo kiwandani palikuwa pamechafuka: wafanyakazi walikuwa wanapunguzwa, na kila asubuhi mtu aliingia getini hajui kama atatoka akiwa bado na kazi. Mtu mwenye akili angetulia. Mwinshehe alikwenda kwa msimamizi wake, Gozbert, Mhaya mkali wa saa lakini mwepesi wa machozi.

"Nani tena, Mwinshehe?" Gozbert aliuliza kabla hajaambiwa lolote.

Hapo ndipo Mwinshehe alipogundua kwamba hakujiandaa. Ndugu wa uongo walikuwa wamekwisha, wa kweli aliogopa kuwagusa. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Mama mkwe, bwana. Bi Mwajabu. Kule Kunduchi."

Gozbert akasimama. "Mama mkwe ni mama. Chukua wiki nzima."

Ona kosa lake. Shangazi wa Rufiji hakuna atakayemfuata huko kwenda kuhani. Lakini mama mkwe ni mzazi wa mkeo, na mkeo analala Tandika. Hata azikwe wapi, wenzako wa kazini lazima wafike kwako kumpa mkeo mkono. Hilo kila mtu wa mji huu analijua. Mwinshehe naye alilijua, ila siku ile kichwa chake chote kilikuwa kwenye pistoni.

Alhamisi alasiri Farida alikuwa sokoni, watoto chuoni wanasoma Kurani. Mwinshehe amechuchumaa uani, injini iko juu ya gunia, mikono imekuwa myeusi hadi viwiko. Bi Mwajabu alikaa kwenye mkeka mlangoni mwa jiko akichambua mchele. Lori la kiwanda likasimama nje.

Walishuka kimya kimya, wanawake wamejitanda khanga, wanaume na kofia zao. Wawili walibeba kiroba cha mchele, mwingine sukari na majani ya chai. Mbele alikuwa Gozbert, na pembeni yake Mzee Suleiman wa bohari, ambaye ndiye huombwa kusoma dua kila panapotokea jambo. Mwinshehe alinyanyuka na spana mkononi. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Usiinuke, braza," Gozbert alimwambia kwa upole. "Tunaelewa. Mtu akikaa bure mawazo yanamla."

Bi Mwajabu alikuwa ameshaweka ungo chini. "Karibuni, wanangu. Kulikoni?"

Anjelina wa idara ya kufungasha akapiga magoti mkekani, akamkumbatia akilia. "Shikamoo mama. Pole sana. Sie tumechelewa, utusamehe. Wewe ni nani wake marehemu?"

"Marahaba. Marehemu yupi, mwanangu?"

Anjelina akamtazama Gozbert. Gozbert akadhani bibi amechanganyikiwa kwa uchungu, akachutama, akamweleza taratibu kama unavyomweleza mgonjwa. "Mama yake Farida. Bi Mwajabu, aliyefariki Kunduchi. Mwinshehe mwenyewe ndiye aliyetuambia. Mwaka huu ameandamwa na misiba, mama. Juzi wakubwa walitaka jina lake liwe miongoni mwa wa kupunguzwa, nikawaambia hapana, mtu aliyefiwa hivi hafukuzwi."

Bi Mwajabu aligeuza uso. Miezi yote aliyokaa pale hakuwahi kumtazama mkwewe usoni, kwa heshima. Sasa alimtazama, na hakuharakisha. Mwinshehe alisubiri aseme. Neno moja tu lilitosha, kazi ingekwisha palepale, na asingeweza hata kumlaumu. Akainamisha kichwa.

"Mie dada yake," Bi Mwajabu alisema. "Kaeni, wanangu. Farida yuko huko Kunduchi."

Wakakaa. Mzee Suleiman akasafisha koo, akanyanyua mikono, na wote wakanyanyua yao. Mwinshehe akanyanyua ya kwake na grisi yake. Mzee alisoma, kisha akaomba kwa Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Mwenyezi Mungu amsamehe Bi Mwajabu makosa yake."

"Amina," watu wakaitika.

"Ampanulie kaburi lake."

"Amina," alisema Bi Mwajabu pamoja nao, viganja vyake vimefunguka mbele ya kifua.

"Awape subira aliowaacha."

"Amina."

Machozi yalimtoka Mwinshehe, mbele ya wanaume wenzake, na Gozbert akamshika bega na kumwambia alie tu, si aibu. Ilikuwa aibu. Hajapata kuona aibu kama ile maishani mwake, na hakuna hata mmoja pale aliyeijua isipokuwa mwanamke aliyekuwa ameombewa kaburi.

Walipoaga, Anjelina alimshika bibi mkono. "Arobaini tutakuja, mama. Tutapika wenyewe."

Lori likaondoka. Bi Mwajabu akarudi kwenye ungo wake, akachambua kidogo, akaacha.

"Nilikufa na nini?" aliuliza.

"Presha, mama."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za jirani. "Farida asijue. Akijua, hutaheshimiwa tena humu ndani, na watoto wako wanakuhitaji." Kisha akasema kwa upole, kama kawaida yake, "Nawa mikono, baba. Maji yako pale."

Afadhali angemtukana. Mwinshehe alinawa, akafunika injini, na jioni ile hakuigusa tena.

Asubuhi Farida alimkuta mama yake anafunga furushi. Aliuliza kuna nini, nani kamuudhi, mbona ghafla. Bi Mwajabu alisema amepakumbuka kwao tu. Farida akamgeukia mumewe amsaidie kumzuia, na Mwinshehe akainama, akalibeba furushi. Angemzuia kwa lipi? Watu wangekuja arobaini, na wengine wangepita kabla ya hapo kuwajulia hali, na jirani yeyote akimwita Bi Mwajabu mbele yao, kazi imekwisha.

Alimsindikiza hadi kituoni, amembebea furushi. Njia nzima alipanga maneno, na walipofika akayasema yote kwa pamoja, yamevurugika, kwamba amsamehe, kwamba pikipiki ataiuza, kwamba atakwenda kwa Gozbert kesho kueleza ukweli.

Bi Mwajabu alitazama barabara huku na huku, akavuta khanga mpaka yakabaki macho.

"Rudi nyumbani, baba," alisema kwa sauti ndogo. "Wenzako wanapita hapa. Wasije wakaniona."